Sajitali, frontali, abdaksheni... wadau nisaidieni kuyaelewa haya maneno ya miendo ya mwili

Kocha_Chipukizi

Habari zenu wadau. Nina timu ya mabinti wa mpira wa wavu, miaka 15 mpaka 17, na sasa hivi nasoma kozi ya ukocha ngazi ya kwanza. Mambo mengine yanakwenda, mazoezi napanga, sheria nazijua, ila hili somo la baiomekaniki jamani limenikaba. Mkufunzi akiingia ni sajitali, frontali, fleksheni, abdaksheni, supinesheni, proksimali, mara mhimili huu mara ule, sisi tunaandika tu kama makarani, ukimuuliza maana anarudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Jana nimekariri kumi na mbili, asubuhi nimeamka nimebaki na matano.

Na kinachoniudhi zaidi sioni yananisaidia nini uwanjani. Nina binti mmoja anaruka vizuri sana, mpigaji wa smashi, ila goti la kushoto linamsumbua akishatua tua kwa nusu saa hivi. Sio maumivu ya kutoa machozi, ni ya kusugua sugua goti na kukunja uso. Nimemrekodi kwa simu kutoka pembeni mara nyingi tu, naangalia polepole, anakunja magoti vizuri, mgongo uko sawa, kosa silioni. Kwa hiyo naomba mtu anieleweshe haya maneno kwa Kiswahili cha kawaida, na kama kweli yana faida basi aniambie yatanisaidiaje kwa huyu binti. Mtihani ni wiki mbili zijazo.

Kigimbi

Mkuu mimi nilifikiri abdaksheni ni kutekwa nyara 😂 ngoja nikae hapa nijifunze.

FizioWaZamu

Pole kocha, wengi tumepita hapohapo. Kosa ni kuanza na maneno kabla ya mwili. Simama sasa hivi hapo ulipo, usione aibu, miguu pamoja, uso mbele, mikono imeshuka pembeni na viganja vimetazama mbele. Hicho ndicho kisimamo cha anatomia, na kila neno utakalolisikia limepimwa kuanzia hapo hata kama mchezaji amelala kifudifudi au yuko hewani kichwa chini miguu juu. Ndo maana kidole gumba kinasemwa kiko laterali, yaani upande wa nje, na kidole cha mwisho kiko mediali, upande wa ndani karibu na mstari wa katikati ya mwili, wakati wewe ukiweka mikono mezani unaona kinyume chake kabisa. Na kulia ni kulia kwa mchezaji sio kwako wewe unayemtazama, hili limeshasababisha watu wakafungiwa barafu kwenye goti zima na bovu likaachwa.

Proksimali ni karibu na shina pale kiungo kinapotokea mwilini, distali ni mbali na shina. Ni maneno ya kulinganisha, hayasimami yenyewe. Goti ni distali ukilinganisha na nyonga, hilohilo goti ni proksimali ukilinganisha na kifundo.

Unaweza kuuliza kwani lazima tujisumbue hivi? Angalia, kwa Kiswahili cha kila siku mguu unaanzia nyonga unaishia ukucha, mkono unaanzia bega unaishia ukucha. Mchezaji anakuja anakwambia "mguu unaniuma", hapo hajakwambia kitu. Na sio kwamba maneno hatuna, tunayo ila tumeyalaza: paja, kinena, nyonga, kilegesambwa (kile kimfupa cha mbele ya goti), muundi (ule mfupa wa mbele chini ya goti), kigimbi, kifundo, kisigino, wayo, juu huko kigasha (kati ya kiwiko na kiganja), kiwiko, kiganja. Ukisema "maumivu yako mediali ya goti, kidogo chini ya kilegesambwa" mtu aliye mbali na simu yake anajua aweke kidole wapi.

Sasa hizo pleni tatu, yaani bapa za kufikirika ambazo mwendo unafanyika ndani yake: sajitali, frontali na transversi. Usizikariri, zijaribu.

Fikiria uko kwenye korido nyembamba mno, kuta zinakugusa mabega yote mawili. Kila mwendo unaoweza kuufanya humo, kupiga hatua, kuchuchumaa, kuinama, kurusha teke la mbele, ni wa pleni sajitali. Sasa toka, egemea ukuta, kichwa mgongo na visigino vinagusa. Kila unachoweza kufanya bila kuuachia ukuta, kutanua mikono, kutanua mguu pembeni, kuinamisha kiwiliwili upande mmoja, ni frontali. Ya tatu transversi, hiyo ni ya kuzunguka: geuza kichwa useme hapana, zungusha kiwiliwili, pindua paja ili vidole vya mguu vitazame nje. Mwendo wa kweli wa mchezo unachanganya zote tatu kwa pamoja lakini ukitaka kuueleza unaukata vipande hivyo.

Habari ya binti nitairudia, kwanza niambie anapiga kwa mkono gani.

Kocha_Chipukizi

Dada asante sana, hiyo ya korido na ukuta imeingia mara moja, nimeifanya hapa mke wangu ananishangaa. Binti anapiga kwa mkono wa kulia.

Sasa fleksheni na ekstensheni. Mimi nimeandika kwenye daftari fleksheni = kwenda mbele, ekstensheni = kwenda nyuma. Iko sawa?

FizioWaZamu

Futa hiyo kabla haijakuletea balaa. Simama ukunje goti, kisigino kimekwenda wapi? Nyuma. Na hiyo ni fleksheni ya goti. Sasa inua paja kama unapanda ngazi, paja limekwenda mbele, nayo ni fleksheni, ya nyonga. Fleksheni kwa viungo vingi ni kukunja, pembe kati ya mifupa miwili inapungua, ekstensheni ni kunyoosha. Bega ndo linawachanganya watu, kuinua mkono kupitia mbele ni fleksheni ya bega hata ukifika juu kabisa, hilo lipokee tu kama lilivyo.

Kifundo cha mguu nacho kina majina yake. Kuvuta vidole kuelekea kwenye muundi ni dorsifleksheni, kusimama kwa ncha za vidole ni plantafleksheni. Wayo ukipinduka unyayo ukatazama ndani ni invesheni, ndo ile watu wanavyoteguka kila siku, ukitazama nje ni evesheni.

Abdaksheni ni kutoa mbali na mstari wa katikati, adaksheni ni kurudisha. Ujanja wangu: B ya beba mbali, D ya rudi. Ule msuli wa kinena unaowasumbua wachezaji wa soka ni wa kundi la adakta, kazi yake kuurudisha mguu ndani, ndo maana pasi ya upande wa ndani wa mguu inauamsha.

Supinesheni ya kigasha ni pale kiganja kinapotazama juu kama unakinga maji ya bomba. Pronesheni kinatazama chini kama unabonyeza kibodi. Basi.

MzeeWaMkuki

Nyie vijana mnapenda maneno. Mimi nimetupa mkuki miaka mingi na sikujua transversi ni nini na mkuki ulikwenda.

Ila nikubali kitu kimoja. Kocha wangu wa kwanza alikuwa anapiga kelele "tupa kwa bega! tupa kwa bega!" na mimi mtiifu natupa kwa bega, msimu wa tatu bega likaisha, nikawa hata shati siwezi kuvaa bila kusaidiwa. Nikaja kukutana na bwana mmoja akanikalisha chini akaniambia bega ni mlango tu, nguvu inapita hapo, haitoki hapo. Inatoka chini, mguu wa mbele unakanyaga na kukaza, nyonga inazunguka, nyonga ikisimama kiwiliwili kinachukua, kiwiliwili kikipunguza bega linachukua, halafu kiwiko, mwisho kiganja. Kila kipande kikisita kinampa mwenzake mwendo kama fimbo ya mjeledi, mkono wa aliyeshika unasimama na ncha ndo inapiga mlio. Akaniambia neno lake, kwamba mwendo unatoka proksimali kwenda distali. Hilo neno nikalishika mpaka leo maana lilinirudishia bega langu, hayo mengine mtaniwia radhi.

NyenzoTatu

Mzee hapo umenena. Mimi ni mwalimu wa fizikia naomba niongeze upande wangu, maana hii baiomekaniki nusu ni anatomia na nusu ni yale mambo ya nyenzo tuliyosoma shule ya msingi, egemeo, jitihada na mzigo, mnakumbuka? Bembea ya mbao daraja la kwanza (egemeo katikati), toroli daraja la pili (mzigo katikati), koleo ya kuokotea makaa daraja la tatu (jitihada katikati). Mwili wako wote ni nyenzo. Mfupa ndo ufito, kiungo ndo egemeo, msuli ndo jitihada, na mzigo ni kile unachobeba pamoja na uzito wa kiungo chenyewe.

Kichwa kinavyokaa juu ya shingo ni daraja la kwanza, egemeo liko katikati. Kusimama kwa ncha za vidole ni la pili, egemeo liko kwenye chano ya mguu pale vidole vinapoanzia, mzigo unashuka kwenye kifundo, kigimbi kinavuta kisigino kutoka nyuma. Lakini viungo vingi vya mwili ni daraja la tatu na hapo ndo pananoga.

Chukua kitu cha kilo 5 ukishike kiganjani, kiwiko kimekunjwa pembe mraba. Kutoka kiwiko mpaka kiganja tuseme sentimita 35. Msuli wa mbele wa mkono, baisepsi, umejishikiza kwenye kigasha sentimita kama 5 tu kutoka kiwiko. Piga hesabu: 5 mara 35 gawa kwa 5, msuli unavuta kama vile umebeba kilo 35, na hapo uzito wa kigasha chenyewe sijauweka. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza mbona mwili umeundwa kwa hasara hivyo. Sio hasara, umelipa kwa nguvu ukapewa mwendo: msuli ukisogeza ile sehemu yake sentimita 1 kiganja kimesogea sentimita 7 kwa muda uleule. Ndo maana tunaweza kurusha na kupiga. Wenzetu waliotutangulia wangetaka nguvu tu tungekuwa tunatembea kama jeki ya gari.

Kocha chukua na hii ya kutua, itakusaidia. Mtu wa kilo 60 akishuka kutoka kimo cha sentimita 45 anafika chini na mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Huo mwendo lazima ufe, hakuna mjadala, swali ni ufe kwa muda gani. Akitua na magoti makavu ukafa kwa sekunde 0.05, ardhi inamsukuma kwa wastani wa nyutoni 4,200, yaani uzito wake mara 7. Akikunja nyonga na magoti na kifundo ukafa kwa sekunde 0.2, inakuwa 1,500, uzito wake mara 2 na nusu. Mtu yuleyule, kimo kilekile. Ndo maana kocha mzuri anasikiliza, mtuaji mbaya anasikika hata ukiwa umempa mgongo.

Mkimbiaji_Alfajiri

Mada nzuri hii. Mimi naongezea kwa wakimbiaji, siri kubwa ni kurefusha hatua, rusha mguu mbele kadiri unavyoweza kisigino kitangulie. Usain Bolt pale Berlin 2009 alikimbia mita 100 kwa 9.58 na alipiga hatua 41 tu, wenzake wote wanapiga zaidi. Na pia kwenye skwati goti lisipite vidole vya mguu HATA KIDOGO utaua goti.

NyenzoTatu

Ndugu yangu hatua 41 ni kweli, ila umeshika mkia badala ya kichwa. Bolt ana mita 1.95 na anaisukuma ardhi kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi sana, hatua ndefu ni matokeo, yeye hakurusha mguu mbele ili iwe ndefu. Ukirusha mguu mbele sana ukakanyaga mbali mbele ya kitovu cha uzito wako, ardhi inakusukuma kurudi nyuma, umejifunga breki mwenyewe kila hatua. Newton kashasema, ukiisukuma ardhi mbele yenyewe inakusukuma nyuma. Tazama wakimbiaji wazuri wa mbio fupi kwa mwendo wa polepole, mguu unarudi nyuma kabla haujagusa chini.

FizioWaZamu

Na hiyo ya goti kupita vidole naona imekuwa kama amri ya dini. Goti hupita vidole ukipanda ngazi, ukishuka, ukiruka. Ukilizuia kwa lazima kwenye skwati, mtu anaanguka mbele kwa kiwiliwili ili asipinduke, mzigo unahamia kwenye nyonga na mgongo wa chini, haujapotea. Mwenye goti bovu tunaweza kumpunguzia kwa muda, sawa, ila sio sheria kwa wote. Wenye mapaja marefu lazima lipite, watake wasitake.

Mkimbiaji_Alfajiri

Basi sawa nimeelimika, ila kitovu cha uzito si kiko tumboni chini ya kitovu? Kitakuwaje nyuma ya mguu?

NyenzoTatu

Ukisimama wima kiko hapo, chini kidogo ya kitovu, ndani kuelekea uti wa mgongo. Lakini hakijafungwa na msumari. Ukiinua mikono kinapanda, ukiinama kinahama, na kinaweza kutoka nje ya mwili kabisa kama tundu la pete lilivyo katikati ya pete. Dick Fosbury, yule Mmarekani wa kuruka juu, aliporuka mgongo mgongo kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akachukua dhahabu kwa mita 2.24, watu walicheka kwanza halafu wakaiga wote. Ukipinda mgongo hivyo juu ya mtambaa, kichwa kimeshapita kinashuka, miguu bado inapanda, kiuno ndo kiko juu, na kitovu cha uzito kinaweza kupita CHINI ya mtambaa wakati mwili wote umepita juu, kipande kwa kipande. Mimi hii huwa nawachorea wanafunzi ubaoni na bado kuna mmoja kila mwaka anasema mwalimu unatudanganya.

Kigimbi

Jamani mimi naomba nitoke kwenye utani. Mwaka jana nilichana mshipa wa paja la nyuma nikiwa nakimbia kasi, na kinachonishangaza haukuchanika nilipokuwa nasukuma, ulichanika mguu ukiwa hewani mbele, nakaribia kukanyaga. Nikasikia kama mtu kanipiga jiwe nikageuka kumtafuta. Hewani unachanikaje wakati haufanyi kazi?

FizioWaZamu

Pole sana. Kwanza neno "mshipa" tulipunguzie mizigo, maana sisi mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni msuli, ni kano, yote mshipa. Wewe umechana msuli, hamustringi, ile ya paja la nyuma. Kano ni ile kamba ngumu inayouunganisha msuli na mfupa, kama ile nene juu ya kisigino. Ligamenti inaunganisha mfupa na mfupa, iko kwenye kiungo. Gegedu ni ule mto laini unaofunika ncha za mifupa. Ukimwambia daktari "mshipa" itabidi aanze upya.

Sasa swali lako, na kocha soma na wewe hapa maana ndo penye utamu wote wa somo hili. Msuli una njia tatu za kufanya kazi. Unaweza kukaza huku unafupika, kama unavyokunja kiwiko kuinua ndoo, hiyo ni konsentriki. Unaweza kukaza bila kubadilika urefu, umeshika ndoo imetulia, aisometriki. Na unaweza kukaza huku UNAVUTWA kuwa mrefu, unaishusha ndoo taratibu isianguke, hiyo ni eksentriki. Ya tatu ndo breki. Msuli unaopiga breki unabeba mzigo mkubwa kuliko unaposukuma, na asubuhi yake ndo unaouma.

Rudi kwenye paja lako. Mguu unaporushwa mbele goti linanyooka kwa kasi kubwa, kuna mtu lazima aukamate huo muundi kabla haujanyooka mpaka mwisho. Huyo ndo hamustringi, na hapo amevutwa kutoka ncha zote mbili, nyonga imekunjwa na goti linanyooka. Kwa hiyo haukuwa umepumzika, ulikuwa kwenye kazi ngumu kuliko zote katika hatua nzima.

Kigimbi

Mwaka mzima nafanya mazoezi ya kukunja goti kwenye mashine tu 🤦 kumbe breki sijawahi kuifundisha.

FizioWaZamu

Anza kuifundisha, taratibu, kwa mzigo mdogo. Inua kwa miguu miwili, shusha kwa mmoja.

Kocha_Chipukizi

Wadau nimekaa siku mbili kimya nasoma hizi post zenu. Leo nimejaribu kuandika smashi ya yule binti kutoka kwenye video, mnisahihishe bila huruma.

Kuruka: nyonga ekstensheni, goti ekstensheni, kifundo plantafleksheni, yote sajitali, mikono inarushwa juu kupitia mbele hiyo ni fleksheni ya mabega. Hewani: kiwiliwili kinazunguka kulia (transversi), bega la kulia abdaksheni na linapinduliwa nje, kiwiko fleksheni. Kupiga: nyonga na kiwiliwili vinarudi kushoto kwanza, halafu bega linapinduka ndani, kiwiko ekstensheni, mwisho kiganja fleksheni, yaani proksimali kwenda distali kama alivyosema mzee. Kutua: nyonga fleksheni, goti fleksheni, kifundo dorsifleksheni, msuli unaofanya kazi ni hamustringi kwa sababu ndo unaokunja goti.

MzeeWaMkuki

Umeandika vizuri kijana. Nimeona mkuki humo ndani.

FizioWaZamu

Safi sana kocha, sentensi moja tu ya mwisho. Kweli hamustringi ni mkunja goti, lakini akitua nani anakunja goti? Uzito wake mwenyewe! Msuli usipofanya chochote ataporomoka chini. Kwa hiyo goti linakunjika huku paja la MBELE, kwadrisepsi, linakaza na kuachia polepole, eksentriki. Jina la mwendo halikwambii msuli gani unafanya kazi mpaka ujiulize nani anasukuma na nani anazuia. Hilo linawaangusha wengi kwenye mtihani.

Sasa turudi kwa binti, maana umeshajijibu mwenyewe hujajua. Soma ulichoandika kwenye kutua: nyonga fleksheni, goti fleksheni, dorsifleksheni. Zote pleni gani?

Kocha_Chipukizi

Zote sajitali.

...

Dada subiri. Mimi nimemrekodi kutoka PEMBENI. Ukikaa pembeni unaona sajitali tu. Ya frontali naionaje kutoka pembeni?

FizioWaZamu

Huioni 🙂 Kila pleni ina mahali pa kusimama. Sajitali unaitazama kutoka pembeni, frontali kutoka mbele au nyuma, transversi ungepaswa uwe juu ya dari, hiyo tunaikisia tu. Na nilikuuliza mkono anaopiga kwa sababu wapigaji wa mkono wa kulia wengi hutua na mguu wa kushoto kwanza, mwili umeshainama upande huo kwa ajili ya kupiga. Kesho weka simu mbele yake halafu uniambie goti la kushoto linakwenda wapi.

Kocha_Chipukizi

Nimerudi kutoka mazoezini. Jamani.

Mara 10 alizoruka, 8 ametua na mguu wa kushoto peke yake, wa kulia unafika baadaye kama mgeni. Na goti la kushoto likikunjika linaingia ndani, linavuka kidole gumba cha mguu, nyonga ya kulia inadondoka chini. Kutoka pembeni ni kitabu kabisa, kutoka mbele ni herufi X nusu. Nimetazama na wengine, wawili wanafanya hivyohivyo ila kidogo.

Nimwambie tu asiingize goti ndani?

FizioWaZamu

Ukimwambia goti atalifikiria goti, na goti lenyewe halina makosa mengi, ni bawaba, linakunjika na kunyooka tu na kupinduka kidogo. Linapelekwa na lililo juu yake na lililo chini yake. Hapo juu paja linafanya adaksheni na kupinduka ndani kwenye nyonga, ambayo yenyewe ni tufe ndani ya kikombe, inaruhusu kila upande, kwa hiyo misuli ya pembeni ya makalio ndo ilitakiwa ishike breki. Ni eksentriki ileile ya Kigimbi, ila hii ni ya frontali. Angalia na chini, wakati mwingine kifundo hakina dorsifleksheni ya kutosha, wayo unabonyea ndani na goti linaufuata.

Kutua kwa goti lililoingia ndani ndo kutua kunakojulikana sana kwa kukata ile ligamenti ya msalaba ya mbele ndani ya goti, bila hata kuguswa na mtu, na mabinti wa umri huo wako kwenye hatari zaidi kuliko wavulana. Kwa hiyo usilichukulie kama urembo. Na maumivu aliyonayo sasa hivi apelekwe akaguliwe na mtu kwa mikono, mimi siwezi kumpima kupitia kwako.

Uwanjani punguza idadi ya smashi kwanza. Mfundishe kutua kwa miguu miwili kutoka kwenye kiboksi kifupi, bila mpira, mpaka kusiwe na kelele, kama mwalimu alivyosema. Halafu hatua za pembeni akiwa amefungwa ule utepe wa mpira unaovutika juu kidogo ya magoti, na kuchuchumaa kwa mguu mmoja mbele ya kioo, hapo ataliona goti lake mwenyewe na hutahitaji kusema kitu. Mpira wa wavu urudi mwisho, akishaweza kutua hivyo akiwa amechoka sio akiwa mpya asubuhi.

Kigimbi

Na mimi najirekodi kesho kwa mbele, simu nimeshapata pa kuiegemeza.

Kocha_Chipukizi

Asante sana dada, na mwalimu, na mzee. Nimeshaongea na mama yake, wanampeleka. Swali dogo la mwisho, simu niiweke kimo gani? Leo niliishika mkononi nikiwa nimesimama, naona kama magoti yote yanaonekana mafupi.

FizioWaZamu

Kimo cha goti lake, simu imesimama wima, mbele kabisa sio kwa pembe. Na mvalishe kaptula, suruali pana inaficha kila kitu.